Maganda ya Vitunguu Nyuma ya Jiko

Mvua za kwanza zikishanyesha, soko la Arua hunuka kumbikumbi. Wanawake huja nao kutoka Adumi na Vurra, wamekaangwa bila mafuta maana mafuta wanayo wenyewe, wamejazwa kwenye mabeseni, na kila anayepita hupunguza mwendo. Watu wa rika langu wakiisikia harufu ile hutabasamu, wanawakumbuka mama zao. Mimi huongeza mwendo. Nimefundisha sayansi kwa miaka mingi na habari za mdudu huyu nimewaeleza watoto wa watu mpaka nimechoka, lakini harufu hiyo ikinikuta ghafla masikio yangu hupata moto na natafuta pa kuweka macho. Ni mwanamke mzima, nina miwani na heshima zangu, na bado naona aibu kwa sababu ya beseni la wadudu.

Tuliporudi kutoka Sudan tulikuwa watatu: Mama, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, na mimi. Baba alikuwa askari. Serikali ilipopinduliwa tulikimbia na watu wote wa Koboko, tukavuka mpaka, na huko kambini homa ikamchukua Baba. Mama alikuwa Mnubi wa mjini Arua, amezaliwa hatua chache kutoka msikitini, akaolewa na kuhamia kota za jeshi. Kuluba, kijiji cha Baba, alikuwa amekiona mara moja tu, siku alipopelekwa kuonyeshwa kwa wakwe. Mimi nilizaliwa kota. Nilijua Kiswahili cha kota na Kinubi cha Mama, na Kikakwa cha Baba nilijua maneno ya kusalimia na machache ya kukataa.

Tulifikia Koboko kwa binamu yake Mama, tukapewa pa kutandika mkeka. Haukupita muda, mke wa binamu akaanza kufagia kila asubuhi kando ya vichwa vyetu, kwa nguvu, mahali ambapo hapakuwa na taka yoyote. Hata mimi mtoto nilielewa fagio lile lilikuwa linasema nini. Basi Mama akaamua twende Kuluba kwa mdogo wake Baba, tuombe kipande cha shamba cha marehemu, ajenge kibanda na kupanda muhogo. Tukikosa, hatukuwa na kwingine.

"Hawa," aliniambia njiani, "tukifika wewe salimia kila mutu. Usilie. Usiombe chakula."

Baba mdogo aliitwa Wani. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alifanana na Baba kiasi kwamba nilipomwona nilisahau kusalimia. Mkewe, mama mdogo, alituletea maji na kiti cha Mama. Walikuwa na binti wa umri wangu, Kiden, ambaye alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, na nilijua amegundua kwamba viatu vyangu havikuwa vya jozi moja. Wakubwa wakaendelea kupeana habari za vifo. Nilibanwa na mkojo, nikazunguka nyuma ya jiko, na huko nikakuta kitu kilichonifanya nisahau hata mkojo.

Palikuwa na rundo la maganda ya vitunguu. Rundo lenyewe lilinifika magotini, la rangi ya kahawia, jepesi, kila ganda linapitisha mwanga wa jua. Kambini Sudan kitunguu kimoja Mama alikikata vipande, akatia kipande leo na kipande kesho, na sisi tulikula kwa kunusa zaidi kuliko kuonja. Nilichota kwa mikono miwili, nikarusha juu, yakanishukia kichwani na mabegani polepole. Niliwaza kwamba baba mdogo ni tajiri mkubwa, na kwamba mambo yetu yamenyooka.

Nilimkimbilia Mama, aliyekuwa pembeni anamfuta mdogo wangu uso.

"Mama, hapa wanakula vitunguu sana. Nyuma ya jiko maganda yamejaa."

"Polepole," alisema. "Kitu gani iko kwa nywele yako?"

Alitoa ganda moja nyweleni mwangu, akalishika kuelekea jua, akalinusa. Akatazama upande wa jiko. Halafu akalifunga kwenye pindo la leso yake, pale alipozoea kufunga vitu vidogo asivyotaka vipotee. Nikadhani naye ameingiwa na tamaa.

Mazungumzo ya shamba yalifanyika siku ile ile, bondeni, kwenye mji wa zamani wa babu. Kuta zilikuwa zimeanguka, nyasi zimeota ndani ya vyumba, na kitu pekee kilichobaki kimesimama ni kichuguu, kirefu kumshinda mtu mzima. Majirani wachache waliokuwa wamerudi kutoka ukimbizini waliitwa washuhudie. Nawakumbuka wawili: bibi mmoja mwenye kiko mdomoni na mwanaume aliyekuja na jembe begani, kama vile hakupanga kukaa.

"Shemeji," baba mdogo alianza, kwa Kiswahili ili Mama asikie, "hii shamba ilikuwa ya baba yetu. Mimi hapana kataa. Lakini ndugu yangu alienda jeshi akiwa kijana, akaoa mjini, akafia kule. Wewe, hapa hakuna mutu anakujua. Sasa tuulize kichuguu. Kumbikumbi inajua watu ya nyumba. Ukipiga, ikitoka, shamba iko yako. Ikikataa, mimi nitafanya nini?"

Akarudia yote kwa Kikakwa, na majirani wakaitikia.

Kwetu kichuguu kina mwenyewe. Baba humwachia mwana, na kuvuna kwenye kichuguu cha mwenzako ni sawa na kuingiza mkono ghalani kwake. Mvua ikishanyesha na jua likirudi, mwenye kichuguu hufunika matundu kwa shuka juu ya vijiti, huchimba kishimo mlangoni, halafu hukaa akagonga gogo kavu kwa fimbo mbili na kuimba. Wanasema kumbikumbi wakisikia hudhani mvua imerudi, wakatoka na kuangukia shimoni. Siku iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na sasa jua lilikuwa kali. Mimi nilisikiliza maneno ya baba mdogo nikayameza mazima. Niliamini kwamba chini ya ardhi kuna wadudu wanaojua nani ni wa ukoo na nani si wa ukoo, na niliogopa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na uhakika.

Mama alikizunguka kichuguu taratibu. Hapa na pale palikuwa na mabaka ya udongo mbichi, mweusi kuliko sehemu nyingine, na kila baka aliligusa kwa kidole. Alipomaliza alisimama akamtazama baba mdogo. Baba mdogo alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Basi Mama akampa mama mdogo mtoto, akajifunga leso kiunoni, akaketi chini na kushika fimbo.

Hakujua wimbo hata mmoja wa kumbikumbi. Wanawake wa Kuluba wanazo nyimbo zao, wamerithi kwa mama zao, lakini Mama, nani angemfundisha? Aligonga kidogo kimyakimya, halafu akaimba kile alichokijua, kile kilichotuamsha kila asubuhi kota: mwito wa gwaride, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa sauti ile nzuri ya wanawake wa mjini waliozoea kuimba harusini.

Mwenye jembe alicheka wa kwanza. Halafu wakafuata wengine. Bibi alitoa kiko mdomoni ili acheke vizuri. Watu wale walikuwa wameona askari wa kila aina, wa kukimbia na wa kufukuza, na hakuna aliyekuwa na hamu nao, na sasa mjane wa askari alikuwa amekaa mavumbini anawapigisha wadudu gwaride.

"Piga saluti, labda itatoka," mtu mmoja alisema kwa Kiswahili, tusikie.

Mama aliendelea. Jasho lilimtoka, leso ikalowa mgongoni. Akatoka mchwa mmoja tu, asiye na mabawa, akazunguka kidogo akarudi ndani, na kicheko kikaanza upya. Nilikuwa nimesimama karibu naye, mikono sijui niiweke wapi. Niliona aibu kwa wimbo, kwa jasho, kwa viatu vyangu, kwa Kiswahili chetu, na zaidi ya vyote niliona aibu kwamba kila mtu pale alijua mwanamke yule ni mama yangu. Ardhi ingepasuka ningeingia.

Kiden alisogea kwenye mkeka wao, akapiga nafasi aliyoiacha kwa kiganja. Nikaenda. Nilitembea kutoka upande wa Mama mpaka upande wao mbele ya watu wote, nikaketi katikati ya Kiden na mama mdogo, nikaficha miguu chini ya gauni. Bibi wa kiko aliinama akauliza jambo kwa Kikakwa, na hilo nilielewa: mtoto huyu ni wa nani? Mama mdogo akajibu kwa neno moja, wetu. Mimi nilinyamaza. Kiden aliponipiga kiwiko na kucheka, nami nikacheka. Mama aliinua macho akaniona. Fimbo zake hazikusimama, lakini aliniona.

Baadaye Mama aliziweka fimbo chini. Akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya baba mdogo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayeaga. Sisi tuliona mgongo wake tu, na nyayo zake zenye vumbi. Nilijua anaomba. Nilitazama pembeni ili nisione mama yangu anaomba.

Baba mdogo alifungua kiganja akatazama ndani, akakifumba haraka. Alingoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Halafu akasimama.

"Kumbikumbi imekataa," alisema kwa sauti kubwa ambayo sikudhani anayo. "Lakini mimi iko mutu, mimi hapana kumbikumbi. Watoto ya ndugu yangu itakaa hapa. Kuanza hii kichuguu mpaka kwa mto."

Wakapiga makofi. Bibi akapiga vigelegele. Mama alibaki pale pale magotini, anatazama chini, anasema asante, asante shemeji.

Nilikulia kwenye shamba hilo, na nilikulia ndani ya kisa hicho. Kila penye harusi au msiba, hakukosi mtu wa kusimulia jinsi wadudu walivyokataa na Wani akawashinda wadudu kwa moyo. Baba mdogo akisikia alikohoa na kubadilisha mazungumzo, na watu wakamsifu pia kwa unyenyekevu. Katika kisa hicho mimi nilikuwa yatima na Mama alikuwa Kushoto-Kulia. Watoto walimwita hivyo kisimani, na mimi nikiwa kisimani nilijifanya sisikii. Mwaka uliofuata alipiga tena, wimbo ule ule wa gwaride, na kumbikumbi wakatoka mpaka shimo likafurika. Hata hapo sikuwa na akili ya kujiuliza. Nilidhani wamejifunza Kiswahili.

Nilifahamu nikiwa sekondari, Arua. Mwalimu wa biolojia alileta kumbikumbi darasani. Alitueleza kwamba mabawa yale mdudu anayatumia mara moja tu maishani: anaruka, anatua, anayapukutisha kwa kujitikisa, halafu dume na jike wanafuatana kwa miguu kutafuta pa kuchimba nyumba yao. Akaeleza kwamba mchwa vibarua ndio wanaofungua matundu siku ya kutoka, na wakishatoka wenye mabawa, vibarua huziba kwa udongo mbichi. Ukikuta udongo mbichi, alisema, ujue kwa leo wamekwisha, hata upige mpaka fimbo zivunjike. Halafu akapitisha karatasi yenye mabawa matupu, kila mtu atazame. Ikanifikia. Nilifunua nikakuta maganda ya vitunguu.

Nimelipima jambo hili mwenyewe tangu hapo. Nimekaa na wanafunzi wangu kando ya kichuguu siku ya mvua, bila fimbo, bila wimbo, na kumbikumbi wametoka kwa amani zao. Kama ngoma inawaharakisha, sijui. Kwamba hawaulizi mpigaji ni nani, hilo nalijua. Lakini siku ile darasani sikuwaza sayansi. Niliwaza rundo lililonifika magotini, na kiasi cha kumbikumbi wanaohitajika ili kupata rundo kama lile, na siku mvua ilipokuwa imenyesha.

Likizo ilipofika nilienda Kuluba nimefura. Nilimkuta Mama nyuma ya jiko, ana ungo mapajani, anapepeta kumbikumbi.

"Mama, yale hayakuwa maganda ya vitunguu."

Hakuacha kupepeta. "Wewe sasa ndiyo unajua?"

"Walikuwa wamevuna jana yake. Baba mdogo na mkewe. Alijua kichuguu ni kitupu, akakuambia upige."

"Ndiyo."

"Nitamwambia kila mtu. Siku ya mazishi yoyote, harusi yoyote, wakianza kile kisa chao nitasimama."

"Kaa chini, Hawa."

Nikakaa. Aliweka ungo kando, akajifuta mikono kwa leso.

"Mama yangu alikuwa anauza kumbikumbi sokoni Arua. Unafikiri mimi hapana jua bawa? Ile siku wewe uliniletea kwa nywele yako. Nikaenda kuangalia kichuguu, nikakuta udongo mbichi. Nikajua yote mbele ya kushika fimbo."

"Basi kwa nini ulipiga? Kwa nini ulikubali wakucheke?"

"Ningesema mbele ya watu, yeye angekuwa nani? Mwizi wa yatima. Mwizi atakupa shamba? Atakuchukia mpaka kaburi. Mimi nikapiga, watu wakacheka, wakashiba. Halafu nikamuwekea ile bawa kwa mkono, aone yeye peke yake. Baba yako mdogo iko mutu ya aibu. Njaa ilimshika tu. Mutu ya aibu hapana mubaya."

Kumbe hakuwa ameomba. Miaka yote nilikuwa nimebeba mgongo ule na zile nyayo zenye vumbi kama picha ya mama yangu anaomba, na kumbe pale magotini ndipo alipomshinda mtu, akamwachia sifa zote, akaondoka na shamba. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kilichobaki kilikuwa changu mimi, na niliogopa kukigusa. Nikataka kusema neno juu ya mkeka, juu ya Kiden, juu ya kicheko changu. Sikupata pa kuanzia.

Alianza yeye.

"Wewe uliondoka ukaenda kukaa na wao," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka hali ya hewa. "Nilikuona. Uliona aibu na mimi."

Sikuweza kumtazama.

"Mimi nilikuja kutafuta shamba, lakini shamba bila watu itasaidia nini? Nilikuwa naogopa mtakaa hapa kama wageni mpaka mtazeeka. Sasa, mutoto akiona aibu, anakimbilia wapi? Anakimbilia kwao. Wewe ulikimbilia kule. Yule bibi akauliza, mama mdogo akasema wetu, na wewe hukukataa. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu amefika."

Akachukua tena ungo. Akapepeta, mabawa yakaruka, moja likanasa kwenye nywele zangu. Alinyoosha mkono akalitoa.